Je, wajua kwa nini uzi wa faiba hutoa mwanga hafifu hata ukigusana na LED kali?

Mtu anayetengeneza modeli ya meli, au kijumba chenye madirisha ya kuwaka, aghalabu huanza kwa kubandika uzi wa faiba juu ya kichwa cha LED ya milimita 5. Akiwasha, hushangaa kuona kwamba taa yenyewe inaumiza macho ilhali ncha ya uzi inang'aa kwa taabu. Wengi hukimbilia LED yenye nguvu zaidi, na mara nyingi hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa mwanga mwingi hupotea pale uzi unapokutana na taa.

Uzi wa kazi hizi si wa kioo kama ule wa mawasiliano ya masafa marefu. Ni wa plastiki ya akriliki iliyovikwa ganda jembamba la plastiki nyingine, ambayo mwanga hupita ndani yake kwa kasi kubwa zaidi kuliko katika kiini. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayoufungia mwanga ndani: mwali unaoligonga ganda kwa kulipapasa tu hurudishwa wote, ukaendelea kudunda hivyo hadi ncha ya pili, lakini unaoligonga kwa kulielekea zaidi hupenya na kupotea. Kwa uzi wa kawaida wa akriliki, miali inayonaswa ni ile inayoingia kwa pembe isiyozidi takriban digrii 30 kutoka kwenye mstari wa katikati ya uzi.

Kuna pia suala la eneo. Uzi wenye kipenyo cha milimita 0.5 una mdomo ambao ni sehemu 1 tu kati ya 100 ya uso wa LED ya milimita 5, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga humwagika pembeni hata kabla ya pembe kuhesabiwa. Ukilinganisha, ndani ya uzi wenyewe, kwa urefu wa mita 1, hupotea asilimia chache tu.

Kwa sababu hiyo mafundi wengi hutoboa kichwa cha LED. Kile kipande kidogo kinachotoa mwanga ndani ya taa huwa na upana wa sehemu ya milimita tu, na kadiri uzi unavyokikaribia ndivyo unavyoukuta mwanga kabla haujatawanyika. Kazi hii inataka subira, maana juu ya kipande hicho hupita waya mwembamba kuliko unywele, na keekee ikiugusa taa imekufa. Ni afadhali kuacha kama milimita 1 ya plastiki bila kuitoboa. Sehemu ya chini ya tundu hubaki na mikwaruzo, lakini tone la gundi ya epoksi isiyo na rangi huijaza na kuondoa hewa iliyo katikati, nayo mikwaruzo hukoma kuutawanya mwanga, kama kioo kilichoparuzwa kinavyoonekana safi kikiloweshwa.

Gundi ya papo hapo iepukwe. Hukauka kwa sekunde chache, jambo linalovutia, ila huweza kuiparuza akriliki kwa nyufa ndogondogo na kuifanya iwe dhaifu, hata uzi ukavunjika shingoni ukiguswa. Mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto nao hutumiwa sana kushika fungu la nyuzi juu ya taa. Tahadhari ni kwamba mingi husinyaa kwenye joto la sentigredi 90 au zaidi, wakati nyuzi nyingi za akriliki hazikusudiwi kuzidi kati ya 70 na 85. Joto liuelekee upande wa LED, kwa muda mfupi.

Ncha za uzi zikatwe kwa wembe mpya, kisha zisuguliwe kwa msasa laini, kwani ncha iliyochanika huutawanya mwanga.

Upande wa kutokea una hila yake. Mwanga hutoka kwa upana uleule wa pembe ulioingia nao, kwa hiyo anayeutazama uzi kutoka ubavuni huona giza. Ncha ikisogezwa karibu na chuma cha moto bila kukigusa, plastiki hujikunja na kuwa kitufe kidogo, nacho huutapanya mwanga hadi uonekane kutoka pembeni.