CRP ya kawaida haimaanishi "ni mawazo tu"

Mama mwenye baridi yabisi ya viungo anaamka vidole vimekakamaa, hata kufunga vifungo vya gauni ni shughuli. Majibu ya damu yanarudi, vipimo vya ESR na CRP viko kawaida, na nyumbani wanasema: "Huumwi, ni mawazo tu."

Maneno hayo yamezoeleka, lakini si sahihi. Vipimo hivyo hukadiria uvimbe mwilini, havipimi maumivu, na kwa baadhi ya wagonjwa hubaki kawaida huku viungo vimevimba. Kipimo cha RF, kinachotafuta kingamwili ya ugonjwa huu kwenye damu, nacho huwakosa wagonjwa wengi tu.

Sonona na wasiwasi vinavyoweza kuandamana na ugonjwa huu navyo si uzembe wa moyo. Kemikali za kinga kama IL-6 na TNF, zinazochochea uvimbe kwenye viungo, huathiri pia ubongo, usingizi na hamu ya kula. Sonona nayo huzidisha maumivu. Ndiyo maana alama ya DAS28, inayopima ukali wa ugonjwa kwa kuchanganya hali ya viungo 28, kipimo cha damu na tathmini ya mgonjwa mwenyewe, inaweza kubaki juu ilhali CRP imeshuka. Hapo kuongeza dozi ya methotrexate, dawa ya ugonjwa huu, pekee huenda kusisaidie. Mgonjwa aulizwe analalaje, na kama bado anafurahia chochote. Sonona haigunduliwi kwa sindano ya damu.