Unga mweusi kwenye kufuli: yanayosemwa Lamu na Malindi, na ukweli wake

Kufuli inayotazama bahari haina raha. Kusi ikivuma, rasharasha ya chumvi huingia tundu la ufunguo, na mchanga mwembamba hufuata. Hapo vilainishi vikavu kama grafiti (ule unga mweusi wa penseli) na teflon (plastiki telezi ya vikaango visivyonata) vina faida kubwa: havinasi vumbi kama mafuta. Ila vimezushiwa mengi.

“Unga mkavu unazuia kutu.” Hauzuii. Kazi yake ni kupunguza msuguano. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75, jambo la kawaida pwani, kwa hiyo ukitia unga juu ya chumvi umeyafungia maji ndani. Anza na ndoo ya maji matamu ya uvuguvugu: tumbukiza kufuli, fungua na kufunga mara kumi hivi, kung'uta, kisha anika tundu likitazama chini mpaka ikauke kabisa. Kama iliwahi kutiwa mafuta, ioshe pia kwa spiriti. Unga ukikutana na mafuta huwa uji mzito, pini ndogo za ndani ya kufuli hukwama, na ufunguo huingia nusu ukagoma.

“Ukizidisha, italainika zaidi.” Kinachofanya kazi ni utando mwembamba tu. Kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kinatosha. Ingiza ufunguo, toa, futa kwa kitambaa, rudia mara 15. Ukitoka na mng'ao wa kijivu, acha. Ukitoka na vumbi jeusi, umezidisha.

“Grafiti inafaa kila chuma.” Hapa ndipo rili za uvuvi, zile gurudumu za kukunjia mshipi ambazo nyingi zina alumini, huharibika, na inauma kwa sababu nia ilikuwa njema. Grafiti hupitisha umeme. Ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, viwili hivyo huwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Wavuvi wengi wenye boti za mashine wamewahi kubadilisha zinki iliyolika. Zinki ile huliwa makusudi ili mashine ipone. Ukitia grafiti kwenye rili, umeifanya rili yenyewe kuwa zinki. Dalili ni unga mweupe unaochomoza chini ya rangi na skrubu zisizofunguka. Kwa alumini tumia teflon ya kupuliza inayokauka, au boroni nitraidi, unga mweupe usiopitisha umeme. Hata kwa kufuli ya nje inayopigwa na mawimbi, teflon ni salama zaidi. Grafiti ibaki kwenye vitasa vya ndani.

“Molibdenamu hushinda grafiti popote.” Molibdenamu disulfaidi, kilainishi kingine kikavu cha unga, ndiyo iliyomo kwenye grisi nyeusi ya joint za magari, na ndiyo ambayo baadhi ya walenga shabaha wa Marekani huzipaka risasi za bunduki zao. Inabeba mzigo mkubwa vizuri. Lakini ikiwa unga mtupu hupenda ukavu: hewa ya unyevu huongeza msuguano wake. Grafiti ni kinyume, huhitaji mvuke kidogo wa hewa ndipo matabaka yake yateleze. Kwa hewa ya Lamu, kitasa cha ndani kipewe grafiti.

“Risasi ya penseli ina risasi.” Ni jina tu; madini ya risasi hayamo. Mle mna grafiti na udongo wa mfinyanzi. Ukikosa unga dukani, sugua meno ya ufunguo kwa penseli laini ya 6B. Ile ngumu ya H ina udongo mwingi mno.