Wingi wa Vidonge Si Kinga ya Retina
Imani kwamba kadiri mtu anavyomeza vidonge vingi vya antioksidanti, yaani viambato vinavyodhibiti molekuli haribifu mwilini, ndivyo retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inavyolindwa zaidi imedumu miaka mingi, lakini haiendani na jinsi seli zinavyofanya kazi. Mitokondria, yaani vinu vya nishati, za seli zinazopokea mwanga hutumia oksijeni nyingi mno, na katika kuzalisha nishati huvujisha molekuli haribifu, ambazo kwa kawaida hudhibitiwa na vimeng'enya vya seli yenyewe pamoja na glutathioni, antioksidanti ambayo seli hujitengenezea. Utafiti wa AREDS wa Marekani kuhusu magonjwa ya macho yanayohusiana na umri, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba mchanganyiko maalumu wa vitamini na zinki ulipunguza uwezekano wa ugonjwa wa makula, yaani kitovu cha retina, kufikia hatua mbaya. Haukuthibitisha kwamba unazuia ugonjwa kuanza. Tena vidonge vya betakarotini, mojawapo ya antioksidanti hizo, huwaongezea wavutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu, jambo linalosahaulika mno.