Je, wajua kwa nini kompyuta inaweza kusema kitabu cha kurasa 300 hakina kitu?

Mimi nilikuwa naamini kitabu kikishaingia kwenye kompyuta basi kazi imeisha. Asiyeona anawasha programu yake ya kusoma skrini, kwa mfano NVDA, ambayo ni ya bure na ilianzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, kisha mwenzake ambaye naye haoni akajiunga naye, halafu anasikiliza. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna msomaji kafungua PDF ya maktaba na programu ikamwambia waraka ni mtupu, nikasema moja kwa moja hiyo programu yake mbovu, aifute aweke upya.

Nilikosea vibaya sana, na nilikosea kwa kujiamini. Programu ilisema kweli, ile PDF haikuwa na herufi hata moja.

Iko hivi. Mtu wa maktaba akiweka kitabu kwenye skana, kinachotoka ni picha. Chukua kanga, ipige picha kwa simu. Wewe ukiiangalia unalisoma jina lake pale chini bila shida, lakini simu yenyewe imehifadhi vidoti tu, hapa cheusi hapa chekundu hapa cheupe, na kwake yale maandishi na lile ua la katikati ni kitu kimoja. Programu ya kusoma skrini haina macho, inatafuta herufi zilizohifadhiwa kama herufi, zile unazoweza kuzikopi na kuzipesti. Ukitaka kuhakikisha fungua faili lako ujaribu kuchagua neno moja, likigoma kuchagulika ukurasa mzima ukashikwa kama picha, ujue hiyo ni kanga.

Dawa ipo, inaitwa OCR, programu inayoangalia vile vidoti na kubahatisha ni herufi gani. Nimesema kubahatisha makusudi. Kwenye chapa safi inabahatisha vizuri mno, kwenye kitabu cha zamani kilichofifia hali inategemea. Kosa lake maarufu ni kuona r na n zilizobanana ikadhani ni m, na hapo Kiswahili kina balaa lake maana "karne" inageuka "kame", na kame nayo ni neno halali kabisa, hivyo hata kikagua tahajia hakishtuki!

Hata herufi zikipatikana bado kuna mpangilio. Ukurasa wa safu mbili usipowekewa alama za nini kinatangulia unaweza kusomwa kwa kukatiza, ni kama umekaa katikati ya abiria wawili kwenye daladala, huyu anaongelea msiba yule bei ya nyanya, unadaka nusu huku nusu kule.

Sheria ya hakimiliki sio kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimo, unaruhusu kutengeneza nakala kwa ajili ya wasioona bila kwenda kumuomba mwenye hakimiliki kwanza. Ila mkataba hausahihishi "kame", hapo lazima mtu akae asome.

Na jambo la mwisho, faili lisipotaja lugha yake, programu iliyowekwa kwa Kiingereza inakusomea Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza. Niliijaribu kwa masikio yangu, "wake" ikatamkwa "weik".