Kiwiko cha tenisi si cha wacheza tenisi peke yao

"Sijawahi kushika raketi, kiwiko cha tenisi nimekipata wapi?" Jina ndilo linalopotosha: ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko. Wengi wanaougua hawachezi tenisi kabisa: ni maseremala, mafundi rangi, wafua nguo, mama lishe anayesonga sufuria nzima ya ugali kila mchana. Huwapata zaidi watu wa miaka 30 hadi 50 na kidogo.

Mtazame mwenye tatizo hili asubuhi. Anashika birika la chai, kiganja kikitazama chini, analiinua kidogo tu, maumivu yanamchoma upande wa nje wa kiwiko na kushuka kuelekea kiganjani. Birika linarudi mezani. Kukamua kanga, kuzungusha kitasa, hata kupeana mkono ni mateso. Lakini kiwiko hakijavimba, na kinakunjika vizuri.

Hapo jirani husema ni baridi yabisi. Siyo. Baridi yabisi hushambulia kiungo chenyewe. Hapa kiungo ni kizima, iliyochakaa ni kano inayoshikiza misuli ya kuinulia kiganja kwenye mfupa wa kiwiko. Ndiyo maana eksirei mara nyingi haionyeshi kitu, na mgonjwa akaambiwa anajidekeza. Hajidekezi.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ya sindano moja ya kumaliza kazi. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hutuliza kweli, kwa wiki kadhaa. Ila wagonjwa walipofuatiliwa mwaka mzima, waliochomwa walionekana kuwa na hali mbaya kuliko walioachwa wapone wenyewe. Nyuzi za kano zimechoka na kuvurugika, na dawa hiyo haizijengi upya.

Kuufunga mkono usifanye lolote nako hakusaidii. Kano huimarika kwa kazi ya kipimo. Laza mkono mezani, kiganja kining'inie ukingoni kikitazama chini, na chupa ya maji ya nusu lita mkononi. Inua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha ishushe polepole bila msaada. Maumivu madogo si kitu; yakiendelea hadi kesho yake, punguza maji. Mizigo inyanyue kiganja kikitazama juu. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji.

Ukihisi ganzi kwenye kidole cha pete na cha mwisho, hiyo ni neva (mshipa wa fahamu), si kano. Na kiwiko chenye joto, wekundu na homa kipeleke hospitali siku hiyohiyo.