Huduma za Umma Uganda: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote katika siasa zetu ni kwamba wilaya mpya husogeza huduma karibu na wananchi. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zinapita 130, mbali na majiji. Wilaya inapozaliwa, wanaotangulia kufika ni mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, na madiwani wake, mwakilishi wa Rais, ofisa mtendaji mkuu na magari yao, ilhali muuguzi na fundi wa visima husubiri bajeti nyingine. Tena tangu kodi ya kichwa iliposimamishwa mwaka 2005, wilaya nyingi hazina mapato ya maana, na fedha zinazotoka serikali kuu huja zikiwa zimekwishapangiwa kazi. Ofisi imesogea, lakini uamuzi umebaki Kampala.

Wengine husema bajeti ikiongezwa huduma itaboreka yenyewe. Hapa Uganda tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi wa kufuatilia ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikitoa kwa shule za msingi kwa hesabu ya kila mwanafunzi, ukaonyesha kuwa kati ya 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha hizo, na nyingi hazikupata hata senti. Sehemu kubwa iliishia kwenye ofisi za wilaya, na si yote iliyoingia mifukoni mwa watu, kwani nyingine iligharamia shughuli za ofisi hizo na za wanasiasa. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001, takriban asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Kisa hiki husimuliwa huko nje kana kwamba gazeti peke yake ndilo lililofanya kazi hiyo, na hiyo nayo ni dhana potofu: elimu ya msingi kwa wote ilianza 1997, fedha zikaongezeka, na usimamizi wake ukabadilika wakati huo huo. Hata hivyo, mwalimu mkuu asiyejua ametumiwa shilingi ngapi hana la kudai.

Katika vituo vya afya, mgonjwa akiambiwa dawa hakuna, jibu la haraka ni kwamba zimeibwa. Wizi upo, na ndiyo sababu dawa za serikali huwekwa alama ya kuonyesha kuwa haziuzwi. Lakini mzigo kutoka bohari ya dawa ya serikali huja kila baada ya miezi miwili, na kuanzia 2010 vituo vidogo, vya ngazi ya pili na ya tatu, viliwekwa kwenye utaratibu wa kupelekewa maboksi ambayo aina na idadi ya dawa zake imepangwa mapema, huku vituo vya ngazi ya nne na hospitali vikiagiza vyenyewe. Mvua zikianza na malaria ikapanda, dawa ya malaria huisha mapema, na rafu ya chini bado imejaa vitu ambavyo eneo hilo halikuvihitaji. Anayetaka kujua kama dawa zimeibwa au zimetumika aisome kadi ya akiba iliyo kwenye rafu, ailinganishe na hati ya kupokelea mzigo, kisha na daftari la wagonjwa. Hesabu zikipishana, kuna swali la kumuuliza mkuu wa kituo. Zikilingana, muuguzi wa dirishani anatukanwa bure.

Imani kwamba kompyuta itanyoosha huduma ni kubwa zaidi, na nadhani ni kubwa kupita kiasi. Posho ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipopanuliwa nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi, umri ulisomwa kutoka kwenye kitambulisho cha taifa. Wazee ambao tarehe zao za kuzaliwa zilikosewa wakati wa uandikishaji ulioanza 2014 walijikuta bado ni vijana machoni pa mfumo. Mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosekana ni njia nyepesi ya kusahihisha jambo ambalo kijiji kizima kinalijua.

Wapo pia wanaosema dawa ni kupandisha mishahara. Mishahara ina uzito wake, ila uamuzi wa 2022 wa kuwafikisha walimu wa sayansi wenye shahada kwenye shilingi milioni 4 kwa mwezi ulifuatwa na mgomo wa walimu wa masomo ya sanaa, walioachwa nje, mwezi Juni mwaka huo huo.

Imebaki dhana ile inayosemwa kwa sauti ya chini, kwamba bila kutoa chai hupati kitu na kwamba mwananchi hana pa kuuliza. Ada za wagonjwa katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini, na Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 humtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 nayo inampa kila raia haki ya kuomba kumbukumbu za ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Ombi huandikwa kwa mtendaji mkuu wa taasisi husika. Ukilipeleka, omba nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, kwa sababu siku hizo huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.