Je, wajua kwa nini kambi ya tafakuri huanza na mvumo badala ya ukimya?

Mwambie mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye daladala akae kimya dakika ishirini, na kichwa chake kitazidi kupiga kelele. Ada ya mtoto, ujumbe ambao hajaujibu, maneno ya jana kazini: vyote vinapata nafasi ya kusema kwa zamu. Kwa hiyo kiongozi anayeijua kazi yake, awe ameketisha watu kando ya Ziwa Duluti pale Tengeru au chini ya migomba ya Old Moshi, haanzi kwa kudai ukimya. Anaanza na "mmmm": midomo imefungwa, meno yameachana kidogo, sauti nzito inatoka puani taratibu mpaka pumzi iishe.

Mvumo huo unafanya kazi kupitia pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayevumisha hawezi kuitoa hewa kwa pupa, kwa sababu sauti itakatika. Akivuta kwa sekunde 3 au 4 na kuvumisha kwa sekunde 7 au 8, anabaki na pumzi tano au sita tu kwa dakika, bila hata kuhesabu.

Sasa weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, usikilize mapigo. Kwa watu wengi moyo huongeza mwendo kidogo hewa inapoingia, na hupunguza inapotoka. Anayeshika breki hapo ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Kadiri unavyorefusha kutoa pumzi, ndivyo breki hiyo inavyopata muda zaidi wa kukanyagwa. Bibi anayembembeleza mjukuu mgongoni kwa kuvumisha wimbo usio na maneno anajituliza na yeye mwenyewe, na mtoto anausikia mtetemo huo kupitia mgongo.

Kuna jambo lingine linalotokea ndani ya pua. Mwaka 2002 watafiti Weitzberg na Lundberg wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipima gesi ya oksidi ya nitriki inayotoka puani. Mtu alipovumisha, kiasi chake kilikuwa kama mara 15 ya kile kinachotoka akitoa pumzi kimya. Gesi hiyo hutengenezwa kwenye mianzi ya uso, yaani vile vyumba vya hewa vilivyo nyuma ya mashavu na paji la uso, na mtetemo huisukuma hewa iliyotuama humo itoke. Huo ni ushahidi kwamba mvumo unagusa mwili kweli. Haumaanishi kwamba unatibu mafua au pumu, na anayekuambia uache dawa kwa sababu yake anakupoteza.

Kwa anayeanza, dakika tano zinatosha. Kaa mgongo ukiwa wima bila kukaza, weka kiganja kifuani, kisha shusha sauti mpaka uhisi mtetemo chini ya kiganja. Sauti ikiwa ya juu mno, mtetemo utahamia usoni na koo litachoka. Kosa linalowapata wengi ni bidii: mtu anavuta hewa nyingi na haraka akidhani ndivyo atakavyopona upesi. Anapoteza kaboni dioksidi kupita kiasi, kichwa kinakuwa chepesi, na vidole na midomo vinaanza kuwasha kama vimekufa ganzi. Hapo aache kuvumisha, apumue kama kawaida na atazame kitu kimoja kisichosogea, na hali itapita. Aliyewahi kupatwa na tukio baya pia asilazimishwe kufumba macho. Kwa watu kama hao giza ndilo linaloleta picha, kwa hiyo afadhali atazame majani.

Baada ya mvumo huja bakuli la shaba linalogongwa ili litoe mlio, lile linalotoka nchi za Himalaya kama Nepal, lililotengenezwa kwa shaba na bati. Kwa kuwa limefuliwa kwa mkono, mara nyingi halina duara kamili, hivyo hutoa milio miwili inayokaribiana sana. Mmoja ukitetema mara 200 kwa sekunde na mwingine mara 203, sikio husikia mawimbi matatu yakipanda na kushuka kila sekunde. Mlio huo hufifia polepole mno. Sikio linaufuata, unapungua, linaufuata tena, na kufikia mwisho wake mtu amekwisha kuingia kwenye ukimya bila kuamriwa. Kengele ya ng'ombe haifai hapa, kwa sababu mlio wake hukatika upesi.

Bakuli hukaa juu ya kiganja kilicho wazi. Ukilishika kwa vidole, unaizima sauti. Gonga mara moja kwa mchi wenye ngozi, kisha uzungushe mchi huo ukingoni kwa kukandamiza kiasi. Likianza kutatarika, umekimbia mno na mchi unarukaruka juu ya shaba: punguza mwendo, ongeza mgandamizo. Mwenye kupiga akae angalau mita mbili kutoka kwa aliye karibu zaidi. Kuna wanaopenda kuliweka bakuli kifuani mwa mtu aliyelala, lakini mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekewe. Na mwenye masikio yanayovuma daima aketi mbali, au aruke kipindi hicho.

Kisha watu huingia msituni. Hapa ushahidi unaojulikana zaidi kwamba kutazama miti huusaidia mwili ni wa mtafiti Roger Ulrich, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1984. Alipitia rekodi za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema zaidi na walitumia dozi chache za dawa kali za maumivu. Ni wagonjwa wachache, ndiyo, lakini kumbuka kwamba hao walitazama miti kupitia kioo tu.

Msitu unaozunguka Duluti hufaa zaidi asubuhi, kabla ya saa tatu, wageni wa matembezi hawajaanza kupita. Walio Moshi wana Msitu wa Rau, na wa vijiji vya juu wana sauti ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, yakipita kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Maji yanayotiririka bila kubadilika hufunika kelele za ghafla, na ni kelele za ghafla, si kelele tu, zinazoushtua mwili. Kila mtu akae hatua kama kumi kutoka kwa mwenzake. Asikilize kwanza sauti iliyo mbali kabisa, kisha ya kati, kisha iliyo karibu, mwisho pumzi yake. Hondohondo akipita juu kwa kishindo cha mabawa, moyo utaruka, na hakuna kilichoharibika. Uanze tena na sauti ya mbali.

Kabla ya kutandika mikeka, kiongozi akague ardhi mwenyewe, hasa wakati wa masika. Mstari mmoja wa siafu ukiusahau, asubuhi yote imekwisha. Mwezi wa Juni na Julai kila mtu aje na shuka, kwani mwili uliotulia hupoa haraka na baridi ya Arusha haina huruma.

Mchana ni wa udongo wa mfinyanzi: kila mtu hufinyanga chungu kidogo. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel walichapisha utafiti wa watu wazima 39 waliofanya kazi ya sanaa kwa dakika 45, na karibu robo tatu yao kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kilishuka. Wasiojua sanaa nao walinufaika. Mpe kila mmoja donge lenye ukubwa wa chungwa. Alikande, atumbukize dole gumba katikati na kubakiza unene wa kama sentimita moja chini, kisha abane na kuzungusha, abane na kuzungusha. Ukingo ukipasuka, udongo umekauka: kidole kimoja chenye maji kinatosha. Ukimimina maji, chungu kitalegea na kukaa chini kama uji.

Kiongozi asiulize "hiki ni nini?" Swali hilo humrudisha mtu kwenye mtihani wa darasani. Aseme, "Nielezee hapa," akionyesha sehemu moja, kisha angoje jibu. Chungu kikauke kivulini kama wiki nzima. Kikiwekwa juani siku hiyohiyo, ukingo hukauka kabla ya kitako na kinapasuka kabla mwenyewe hajakichukua.